Kompyuta Ikikunyima: Mwongozo Kamili wa Kupinga Uamuzi wa Kiotomatiki kwa Sheria ya Ulinzi wa Data

Ombi la mkopo linakataliwa kabla hujaiweka simu mezani. Dereva wa teksi za mtandaoni anaamka na kukuta akaunti yake imefungwa. Mzazi aliyekuwa akipokea ruzuku ya watoto anaarifiwa kwamba mfumo umemtilia shaka. Barua ya kukataa maombi ya kazi inaingia saa nane usiku, saa ambayo hakuna ofisa aliye kazini.

Wengi wakifikwa na haya huandikia huduma kwa wateja kwamba wameonewa. Hujibiwa kwamba hawakutimiza vigezo, na mambo huishia hapo. Malalamiko ya namna hiyo hukwama kwa sababu yanagombania matokeo kabla ya kujua yalivyopatikana. Sheria ya ulinzi wa data inakupa mlango mwingine: kwanza ujue nani au nini kiliamua, kisha data gani zilitumika, kisha udai mtu mwenye uwezo wa kubadili uamuzi akusikilize. Fuata mpangilio huo. Ukiuruka, unaipa taasisi nafasi ya kukujibu kwa maneno ya jumla.

Haki yenyewe inasemaje

Chimbuko lake ni la zamani kuliko intaneti ya simu. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1978 ilikwisha kukataza hukumu ya mahakama kutegemea tathmini ya kompyuta kuhusu tabia ya mtu. Umoja wa Ulaya ulilichukua wazo hilo katika agizo lake la mwaka 1995, na sasa limo katika Kifungu cha 22 cha kanuni kuu ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kenya inayo katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania inayo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2014 na kuanza kufanya kazi Juni 2023, nao unaigusa haki hii.

Maneno yanatofautiana lakini kiini ni kimoja: usiwekwe chini ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake ikiwa uamuzi huo una nguvu ya kisheria juu yako au unakuathiri kwa kiasi kikubwa. Kuna milango mitatu ya kutokea, na taasisi huitumia yote: uamuzi ni wa lazima ili mkataba ufungwe au utekelezwe, umeruhusiwa na sheria, au wewe mwenyewe umeridhia. Hata taasisi ikipita katika mmojawapo, haijaachiliwa. Chini ya GDPR, mlango ukiwa ni mkataba au ridhaa, bado unadai mambo matatu: binadamu aingilie kati, utoe maelezo yako, na uupinge uamuzi. Ukiwa ni sheria, sheria hiyo yenyewe lazima iweke kinga za haki zako. Kenya imeongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: taasisi ikiamua kwa mashine peke yake, inapaswa kukuarifu kwa maandishi mapema iwezekanavyo kwamba ndivyo ilivyofanya. Ukikosa taarifa hiyo, umepata hoja yako ya kwanza kabla hujagusa kingine.

Tuseme wazi pia mipaka yake. Haki hii haikuhakikishii mkopo wala kazi. Inakuhakikishia kwamba hutahukumiwa na kitu kisichoweza kukusikia.

1. Hifadhi ushahidi siku ileile

Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kukataliwa pamoja na tarehe na saa. Piga nyingine ya uthibitisho kwamba ombi lako lilipokelewa. Tofauti ya dakika au sekunde kati ya picha hizo mbili ni ushahidi mzito: hakuna binadamu anayesoma ombi la kurasa tatu kwa sekunde kumi. Andika namba ya kumbukumbu. Pakua sera ya faragha na vigezo vya matumizi kama vilivyo siku hiyo, kwa sababu kurasa hizi hubadilishwa kimyakimya na baada ya miezi mitatu hutaweza kuthibitisha ulichoambiwa. Andika pia hasara iliyofuata: safari iliyofutwa, kodi iliyochelewa, siku ambazo hukufanya kazi. Ndiyo itakayoonyesha kwamba uamuzi umekuathiri kwa kiasi kikubwa, na baadaye ndiyo msingi wa fidia.

Usifute programu ya simu kwa hasira, maana mara nyingi historia ya maombi yako hufutika nayo.

2. Je, kweli ni mashine peke yake?

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kushinda. Taasisi itasema: "Mfumo hupendekeza tu, mfanyakazi wetu ndiye huamua." Swali si kama kuna mtu aliyebonyeza kitufe. Swali ni kama mtu huyo alikuwa na mamlaka ya kukataa pendekezo, alikuwa na taarifa za kutosha za kulipima, na kweli hulikataa mara kwa mara. Anayeidhinisha mafaili mia kwa saa bila kubadili hata moja ni muhuri.

Mahakama ya Rufani ya Amsterdam ilisema hivyo tarehe 4 Aprili 2023 katika kesi ya madereva wa Uber waliofungiwa akaunti kwa tuhuma za udanganyifu: ushiriki wa binadamu haukuonekana kuzidi ishara tupu, kwa hiyo uamuzi ulihesabiwa kuwa wa mashine. Unapoandika barua yako, uliza basi kwa undani: ni cheo gani kilichopitia faili langu, kilitumia muda gani, kiliona nyaraka zipi, na katika miezi kumi na miwili iliyopita kimebadilisha mapendekezo mangapi ya mfumo? Namba hizo zina uzito kuliko maelezo yoyote ya sera.

Kisingizio cha pili ni kusukumiana. Benki inasema alama ya mikopo, yaani namba inayokisia kama utalipa deni, imetoka kwa kampuni ya taarifa za mikopo, nayo kampuni inasema uamuzi ni wa benki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliufunga mwanya huo tarehe 7 Desemba 2023 katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayopanga alama za mikopo. Ilisema kwamba kutoa alama yenyewe ni uamuzi wa kiotomatiki pale ambapo anayeipokea anaitegemea kwa nguvu. Kwa vitendo: andika barua mbili siku moja, moja kwa aliyekukataa na nyingine kwa aliyetoa alama.

Kuhusu uzito wa athari, mkopo, ajira, bima, makazi, matibabu, masomo, ruzuku na kufungiwa akaunti ya kazi huhesabiwa bila ubishi mwingi. Tangazo la viatu linalokufuata mtandaoni kwa kawaida halihesabiwi. Katikati kuna eneo la kubishaniwa, na hapo kumbukumbu zako za hasara ndizo zitakazoamua.

3. Dai data na mantiki ya uamuzi

Usianze kwa kuomba wabadili uamuzi. Omba kwanza kuona. Mpelekee afisa ulinzi wa data wa taasisi, ambaye anwani yake inapaswa kuwa katika sera ya faragha. Ukiandikia huduma kwa wateja pekee, barua yako itajibiwa na mtu asiyejua kwamba siku zimeanza kuhesabiwa. Tuma kwa njia inayoacha alama ya kupokelewa.

Muda hutofautiana. Kanuni za Kenya za mwaka 2021 zinaipa taasisi siku 7 kukupa data zako, bila malipo. GDPR inatoa mwezi mmoja, unaoweza kuongezwa miezi miwili kwa maombi magumu, mradi wakuarifu ndani ya mwezi ule wa kwanza na kutaja sababu.

Barua yenyewe iwe fupi na ya kubana. Mfano:

> *Kwa Afisa Ulinzi wa Data,*
>
> *Tarehe ___ saa ___ nilipokea uamuzi wenye kumbukumbu namba ___ ulionikatalia ___. Kwa mujibu wa haki yangu ya kupata data zangu na haki zangu kuhusu maamuzi ya kiotomatiki, naomba:*
>
> *(a) nakala ya data zangu zote zilizoingizwa katika mfumo kwa ajili ya uamuzi huu, zikiwemo zile mlizokisia au kuzikokotoa wenyewe, kama vile alama, daraja au kundi la hatari;*
>
> *(b) chanzo cha kila data ambayo sikuitoa mimi, na orodha ya mliowapelekea;*
>
> *(c) maelezo ya utaratibu na vigezo vilivyotumika kwangu hasa, mambo yaliyonipunguzia zaidi, na ni mabadiliko gani katika data zangu yangeleta matokeo tofauti;*
>
> *(d) kama binadamu alishiriki: cheo chake, mamlaka yake, na alichokiona kabla ya kuamua;*
>
> *(e) msingi wa kisheria mnaoutegemea kuamua kwa mfumo huu.*
>
> *Hadi mtakapojibu, naomba msitumie data ninazozipinga kufanya uamuzi mwingine juu yangu. Nahifadhi haki ya kuomba uamuzi huu upitiwe upya na kulalamika kwa mamlaka husika.*

Kipengele (a) kinataja data za kukisia kwa makusudi. Taasisi hupenda kukurudishia jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, vitu ulivyowapa mwenyewe, huku daraja la hatari walilokupachika likibaki kabatini. Daraja hilo nalo ni data yako.

Kipengele (c) kina nguvu ya hukumu ya tarehe 27 Februari 2025 katika kesi ya Dun & Bradstreet Austria, iliyotokana na mtu kunyimwa mkataba wa simu wa euro 10 kwa mwezi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mtu aelezwe utaratibu na kanuni zilizotumika kweli kwenye data zake, kwa lugha anayoielewa. Kumwaga fomula ya hesabu au algoriti nzima hakutoshi. Kueleza jinsi badiliko la data lingebadili matokeo ni njia inayoweza kutosheleza. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za nje ya Ulaya, lakini sheria nyingi zimefuata mpango wa GDPR na hoja yake inaweza kunukuliwa popote.

Wakikutaka uthibitishe utambulisho wako, toa kile tu walichokuwa nacho tangu mwanzo. Kutuma nakala za vitambulisho vyote ni kuwapa data mpya ukiwa katikati ya ugomvi wa data.

4. Soma jibu kama mkaguzi wa hesabu

Jibu likifika, litandaze. Pitia kila mstari ukijiuliza: ni kweli? ni yangu? ni ya lini? ina uhusiano gani na kinachoamuliwa? Makosa yanajirudia kwa namna zinazojulikana.

La kwanza ni pengo kuwa sifuri. Mtu ambaye hakujaza kipato cha ziada huingizwa kama mwenye kipato cha sifuri, au asiyekuwa na historia ya mikopo huhesabiwa sawa na asiyelipa. Tafuta namba 0, neno "hakuna" na tarehe za ajabu kama 1 Januari 1970, ambayo ni alama ya kompyuta kwamba tarehe haikujazwa.

La pili ni kuchanganywa na mtu mwingine. Majina matatu yanayofanana na tarehe ya kuzaliwa inayokaribiana hutosha kuunganisha mafaili mawili. Namba ya simu iliyowahi kuwa ya mtu mwingine kabla ya kuuzwa kwako huja na madeni yake. Ukiona deni usilolijua, linganisha tarehe yake na tarehe uliyosajili laini.

La tatu ni hesabu isiyolingana na maisha. Mpango wa Robodebt wa Australia ulichukua kipato cha mwaka na kukigawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili, kisha ukawadai watu kana kwamba walipata kiasi hicho kila kipindi. Aliyefanya kazi miezi mitano na kukosa kazi miezi saba alionekana mwongo. Tume ya kifalme iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti yake Julai 2023 na kuukosoa mpango vikali. Kipato chako kikiwa cha msimu, angalia kwanza kama kuna mahali kimegawanywa kwa wastani.

La nne ndilo linalotuuma zaidi: ubaguzi uliojificha. Mfumo unaweza usiulize kabila, dini wala jinsia na bado ukabagua kupitia eneo unaloishi, aina ya simu, lugha uliyojazia fomu au majina ya watu unaowasiliana nao. Wakati mwingine hata haujifichi. Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia uraia wa waombaji kama kiashiria cha hatari katika ruzuku za malezi ya watoto. Maelfu ya familia ziliangamia kwa madeni, serikali ikajiuzulu Januari 2021, na Desemba mwaka huohuo mamlaka ya ulinzi wa data ikaipiga mamlaka ya kodi faini ya euro milioni 2.75. Mtu mmoja peke yake si rahisi auone ubaguzi wa aina hii, kwa sababu anaona faili moja tu. Watafuteni wenzenu waliokataliwa, kila mmoja atume ombi lake, kisha linganisheni majibu. Mkilingana kwa kila kitu isipokuwa mtaa, na matokeo yakatofautiana, mna hoja ya haki ya usawa mbele ya sheria pamoja na ile ya data.

Ukikuta kosa, dai marekebisho kwa barua tofauti ukiambatanisha uthibitisho. Kenya inatoa siku 14. Usichanganye marekebisho na mapitio katika barua moja. Taasisi hujibu lile jepesi na kuliacha zito.

5. Omba binadamu mwenye mamlaka

Sasa ndipo unapoomba uamuzi upitiwe. Kifungu cha 35 cha Kenya kinakupa machaguo mawili: wafikirie upya uamuzi, au wafanye uamuzi mpya usiotegemea mashine peke yake. Chagua la pili kila inapowezekana. Kufikiria upya kunaweza kuishia kwa data zilezile kupitishwa kwenye mfumo uleule, na jibu lilelile kurudi.

Taja unachotaka mpitiaji akione, ukurasa kwa ukurasa: hati ya mshahara, risiti za kulipa, cheti, barua ya mwajiri. Eleza hali yako kwa aya mbili au tatu. Dai jibu la maandishi lenye sababu, na jina la cheo cha aliyeamua. Mapitio ya kweli hugusa hoja zako kwa majina. Jibu likisema tu "tumepitia ombi lako na uamuzi wetu unabaki", lihifadhi vizuri. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyesoma.

6. Majibu utakayopewa

"Ni siri ya biashara." Siri ya biashara inalinda ubunifu wao, haifuti haki yako ya kuelewa. Katika kesi ya Dun & Bradstreet mahakama ilielekeza kwamba anayedai siri aipeleke kwa mamlaka au mahakama, ambayo ndiyo itakayopima kipi utaonyeshwa. Waulize wametuma lini.

"Uliridhia ulipobofya kukubali." Ridhaa iliyofichwa ndani ya kurasa arobaini, au ambayo bila hiyo hupati huduma kabisa, ni dhaifu. Na hata ikiwa halali, haiondoi haki yako ya kudai binadamu na kuupinga uamuzi.

"Mfumo ni wa mkandarasi." Aliyeamua kwa nini na vipi data zako zitumike ndiye anayewajibika kwako, hata kama mashine iko kwa mwingine.

"Akili mnemba haielezeki." Basi hawakupaswa kuitumia kukuamulia. Sheria nyingi zinadai tathmini ya athari kabla ya kuanzisha uchakataji wa hatari kubwa; omba nakala yake au muhtasari. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kwamba utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma ulianza bila tathmini hiyo, kinyume cha kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, ikaamuru ifanyike kwanza.

7. Kwa mamlaka, kisha mahakamani

Muda wa kujibu ukipita, au jibu likiwa tupu, nenda kwa mamlaka: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa Kenya, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania, au mamlaka ya nchi unayoishi au kufanya kazi ndani ya Umoja wa Ulaya. Peleka faili lililopangwa kwa tarehe: picha za skrini, barua zako, uthibitisho wa kupokelewa, majibu yao, orodha ya hasara. Ukurasa wa kwanza useme nini kilitokea, kifungu gani kimevunjwa, na unaomba nini. Malalamiko ya Kenya yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Kifungu cha 65 cha sheria hiyo kinaruhusu fidia hata kwa mateso ya moyo yasiyo na hasara ya fedha.

Aliyekuamulia akiwa ni serikali, usitegemee sheria ya data pekee. Ongeza katiba: Kenya, Ibara ya 31 kuhusu faragha na ya 47 kuhusu kupewa sababu kwa maandishi, Tanzania, Ibara ya 16 kuhusu faragha na ya 13(6) kuhusu haki ya kusikilizwa. Mahakama ya Wilaya ya The Hague iliuangusha SyRI, mfumo wa serikali ya Uholanzi wa kubashiri nani huenda anadanganya katika ruzuku na kodi, tarehe 5 Februari 2020 kwa kutumia haki ya faragha katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kwa sababu serikali haikuweza kuonyesha kwa uwazi wa kutosha jinsi ulivyowachagua watu wa kuchunguzwa.

Ukishinda

Uamuzi kubadilishwa hakusafishi data ya zamani. Alama mbaya inaweza kuwa imekwisha kupelekwa kwa taasisi nyingine, nayo itakukataa mwezi ujao. Dai kwa maandishi kwamba marekebisho yapelekwe kwa kila aliyepokea data ya awali, kwa kutumia orodha uliyoiomba katika kipengele (b). Subiri miezi mitatu, kisha tuma tena ombi la kuona data zako, kwao na kwa kampuni ya alama. Kosa lile likionekana tena, rudi kwa mamlaka na namba ileile ya malalamiko badala ya kufungua faili jipya.